Kupiga risasi hewani ili kuwafukuza wezi: je, ni kujihami au ni kosa?

Baba Furaha, Katuba

Wazee wangu, mama zetu na ndugu zangu wa Lubumbashi, nawasalimu nyote kwa heshima. Ninaleta swali ambalo limeninyima usingizi kwa majuma mawili, na ninawaomba wanaojua sheria, pamoja na wale waliowahi kushika silaha kwa kazi yao, wanijibu bila kunificha kitu.

Usiku wa Jumanne moja, karibu saa nane, wezi waliingia kwa jirani yetu, lupango (kiwanja chenye nyumba) ya tatu kutoka kwetu. Walikata kufuli ya geti, wakavunja mlango wa nyuma, wakamlaza baba mwenye nyumba kifudifudi sebuleni na kumpiga kwa bapa la panga huku wakimuuliza pesa za shule za watoto amezificha wapi. Sisi tulisikia yote. Wanawake wa avenue (barabara ya mtaa) walitoka na masufuria wakayapiga, vijana wakapuliza filimbi, lakini wezi hawakuharakisha. Mmoja wao alikuwa na bunduki, na alikuja mpaka getini akasimama akitutazama, kama mtu anayengojea basi. Waliondoka walipomaliza kazi yao. Asubuhi nilimkuta jirani akijaribu kurudisha mlango kwenye bawaba zake, naye hakuweza kuinua mkono wa kulia kupita bega, kwa jinsi mgongo wake ulivyovimba.

Marehemu baba yangu aliniachia bunduki ya kuwindia ya kalibre 12, ile ya midomo miwili, aliyoitumia zamani alipokwenda kuwinda upande wa Kasenga. Kibali chake kiliandikwa kwa jina lake. Bunduki iko kabatini, imefungwa katika blanketi, pamoja na kartushi chache ambazo sijui ni za miaka gani. Mjomba wangu, ambaye ninamheshimu sana, aliniambia hivi: "Siku wakija kwako, usimpige mtu. Toka barazani, elekeza juu, piga moja. Mwizi akijua kwamba humu ndani kuna moto, atatafuta nyumba nyingine." Mke wangu hataki hata kusikia habari hiyo, na tumebishana mara kadhaa mbele ya watoto, jambo ambalo linaniumiza.

Kwa hiyo ninauliza: mtu akipiga risasi hewani bila kumlenga yeyote, na asiumie mtu, je, sheria ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inamhesabu kuwa amejihami tu, au inaweza kumshika? Na ile risasi iliyokwenda juu, ni kweli kwamba ikirudi chini haina nguvu tena, kama mjomba anavyosema?


Metre K., wakili

Baba Furaha, pole kwa yaliyompata jirani yako, na ahsante kwa kuuliza kabla ya usiku huo kufika. Wengi huja kutuona wakati mambo yamekwisha kutokea, au tuseme familia zao ndizo zinazokuja, kwa sababu wao wenyewe wamekwisha kufungiwa.

Nianze na jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kanuni yetu ya adhabu, ambayo msingi wake ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, haina kifungu kinachoeleza kwa jumla haki ya kujihami. Haki hiyo ipo, na mahakama zetu zinaitambua kama kanuni ya jumla ya sheria, lakini masharti yake yametokana na hukumu na maandishi ya wataalamu, kwa hiyo hakimu ana nafasi kubwa ya kupima. Anachopima ni kama shambulio lilikuwa la wakati ule ule au lilikuwa karibu kabisa kutokea, kama halikuwa la haki, kama lilielekezwa kwa mwili wa mtu, uwe wako au wa mwingine, na kama ulichokifanya kilikuwa cha lazima na hakikuzidi hatari iliyokukabili. Mtu anayetetea mali peke yake, televisheni au mfuko wa unga, anasimama mahali dhaifu sana.

Sasa itazame ile risasi ya hewani kwa macho ya mwendesha mashtaka. Atakuuliza kama ulikuwa katika hatari ya kufa. Ukisema ndiyo, atauliza ni mtu gani aliye katika hatari ya kufa anayepoteza risasi yake mbinguni. Ukisema hapana, atauliza kwa nini basi ulifyatua silaha katikati ya mji, usiku, kati ya nyumba za watu waliolala. Majibu yote mawili yana miiba. Sisemi kwamba haiwezekani kumtetea mtu aliyefanya hivyo. Ninasema kwamba watu wanaichukulia risasi ya onyo kama ngazi ya upole iliyo kati ya kupiga kelele na kupiga mtu, wakati sheria haina ngazi hiyo. Kufyatua silaha ni kufyatua silaha, na lazima uwe na sababu ile ile ambayo ungekuwa nayo kama ungemlenga mtu.

Risasi ikimpata mtu ambaye hukumkusudia, tunaingia katika kifungu cha 52 na vinavyofuata, vinavyohusu anayeleta madhara kwa kukosa kuona mbele au kukosa tahadhari. Mtu akifa, kifungu cha 53 kinatoa kifungo cha kuanzia miezi 3 hadi miaka 2 pamoja na faini. Akijeruhiwa, kifungu cha 54 kinatoa kuanzia siku 8 hadi mwaka 1. Adhabu hizo zinaweza kuonekana ndogo, lakini juu yake kuna fidia kwa familia, ambayo inaweza kuchukua hiyo lupango unayoilinda. Na huwezi kumjibu mama wa mtoto aliyelala avenue ya pili kwamba ulikuwa unajihami: mtoto wake hakukushambulia.

Ikiwa risasi imempata mwizi mwenyewe, faili haitafunguliwa kwa maneno "risasi ya onyo". Itafunguliwa kama mauaji ya kukusudia, ambayo kifungu cha 44 kinayaadhibu kwa kifungo cha maisha, au kama majeraha ya kukusudia yaliyoleta kifo, ambayo kifungu cha 48 kinayapa miaka 5 hadi 20. Wewe utasema ulielekeza juu. Daktari ataandika kwamba jeraha liko kifuani. Ni wewe utakayelazimika kueleza.

Limebaki jambo la bunduki yenyewe, na hapa ninasema wazi kwa sababu ninakuheshimu. Silaha na risasi katika nchi yetu zinaongozwa na amri yenye nguvu ya sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Kibali hupewa mtu, hakipewi nyumba, wala hakirithiwi pamoja na viti na meza. Kibali cha marehemu kilikwisha pamoja naye. Maana yake ni kwamba, Baba Furaha, hata kabla hujaifungua blanketi hiyo, una kosa ndani ya kabati lako, na siku utakapopiga risasi, hata kwa sababu njema kabisa, kosa hilo ndilo litakaloandikwa la kwanza.

Kwa wengine wanaosoma: mwenye silaha ya kivita, kama hizo kalashinikovu ambazo baadhi ya watu wamezificha, ajue kwamba sheria ya tarehe 18 Novemba 2002 inayohusu mahakama za kijeshi inamfikisha hata raia mbele ya mahakama hizo anapotenda kosa kwa silaha ya kivita. Huko mambo ni mazito zaidi.


Mzee Mstaafu, Ruashi

Ninamshukuru Metre. Mimi nilivaa magwanda kwa miaka 27, na ninaomba nijibu sehemu ya pili ya swali, ile ya risasi inayorudi, kwa sababu mjomba wako si peke yake anayeamini hivyo. Nimesikia maneno hayo hata kwa vijana wa kikosi.

Risasi ya kalashinikovu hutoka mdomoni mwa bunduki ikienda mita 700 na zaidi kwa nukta (sekunde) moja. Ukiipiga juu wima kabisa, itapanda, itachoka, itasimama, kisha itaanguka. Hewa inaizuia isikimbie kama mwanzo, hilo ni kweli. Lakini risasi ya bunduki ndefu inayoanguka hivyo inaweza kufika chini kwa mwendo wa karibu mita 90 kwa nukta, na ngozi ya binadamu huanza kupasuka kwenye mita 60 hivi. Kichwa cha mtoto mchanga kina utosi laini. Sihitaji kuendelea.

Na huo ni upande mwema wa habari, kwa kuwa hakuna anayepiga wima kabisa. Jaribuni kumfikiria mtu aliyeamshwa saa nane ya usiku, anatetemeka, mke anamvuta shati, ameishika bunduki nzito ambayo hajaipiga kwa miaka mingi. Mdomo wa bunduki utaelekea popote, na mara nyingi utalala kiasi upande wa barabara. Risasi iliyopigwa kwa mshazari haianguki kama jiwe. Inachora upinde na kubaki na nguvu kubwa. Ya bastola ya milimita 9 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, ya kalashinikovu zaidi ya kilomita mbili. Katuba imepakana na Kenya, komini (wilaya) nyingine ya mji huu wetu, na nyumba hazina nafasi kati yake. Kartushi ya kalibre 12 yenye chembe ndogo za ndege haifiki mbali hivyo, lakini ile yenye risasi kubwa za kuwindia swala inaweza kuvuka nusu kilomita. Baba Furaha ametuambia kwamba hajui hata umri wa kartushi zake. Sidhani kwamba anajua ndani yake kuna nini.

Nilipokuwa kijana kambini, asubuhi moja tuliamka tukakuta tundu katika manjanja (mabati) ya paa, juu ya mahali ambapo mwenzetu alizoea kuweka godoro lake. Usiku ule alikuwa zamu. Chini ya tundu kulikuwa na ndoo ya plastiki iliyotobolewa, maji yametapakaa, na risasi imekaa sakafuni. Niliiokota. Ncha yake haikuwa imepinda hata kidogo. Hakuna aliyejua imepigwa na nani wala wapi, na hatukuwahi kujua.

Wengine husema, "Basi nipige chini, ardhini." Katika udongo laini wakati wa mvua, pengine. Wakati wa kiangazi udongo wetu mwekundu unakuwa mgumu kama tofali, na barazani ni saruji. Risasi inayogusa saruji kwa kulala haizami. Inaruka na kukimbia karibu na ardhi, kwenye urefu wa miguu na matumbo ya watu.

Ninajua pia imani hii inatoka wapi. Watu wa mji huu wamewaona wanajeshi wakipiga hewani mara nyingi mno. Waliokuwa hapa wakati wa uporaji wa 1991 wanakumbuka. Macho yamezoea, na akili imehitimisha kwamba ndivyo onyo linavyotolewa. Sivyo. Onyo la polisi ni la mdomo: unajitambulisha, unasema kwa sauti kwamba utatumia silaha, unampa mtu muda wa kutii, isipokuwa kama muda huo wenyewe ungeleta kifo. Ndivyo zinavyosema kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya silaha kwa walinda usalama, zilizopitishwa Havana mwaka 1990. Hazisemi popote kwamba lazima utangulize risasi ya hewani.

Sasa niseme kuhusu usiku wenyewe. Bunduki yako ina midomo miwili. Ukipiga moja juu, umebaki na moja, na yule aliyesimama getini anaweza kuwa na magazini ya risasi 30. Mwali wa kalibre 12 gizani utakupofusha kwa muda, na masikio yatalia, hutasikia nani anakuja kutoka upande wa jiko. Yeye amekuona: mwali umemwonyesha mahali ulipo, na wewe umesimama barazani, mahali palipo wazi. Mwizi asiye na silaha anaweza kukimbia, hilo silikatai. Mwenye silaha anaweza kujibu, na kuta za matofali mabichi huenda zisizuie risasi ya kalashinikovu. Na kama kuna doria karibu, askari watafika wakimtafuta mtu mwenye bunduki. Mtu mwenye bunduki watakayemkuta ni wewe.

Jambo la mwisho, ambalo mjomba hakulifikiria: ukipiga hewani leo, kesho komini nzima itajua kwamba kwako kuna bunduki. Kuna wezi watakaoikwepa nyumba yako. Kuna wengine watakaokuja kwa sababu hiyo hasa, kwa kuwa katika biashara yao bunduki ina thamani kuliko televisheni.


Mwana wa Kampemba

Mzee na Metre, ninawaheshimu, lakini naomba ruhusa ya kusema yaliyo moyoni. Kifungu cha 81 bis cha kanuni yetu kinaadhibu wizi wa kutumia silaha kwa kifo. Sheria yenyewe imekwisha kusema kwamba mtu huyo anastahili kufa. Inakuwaje basi baba wa familia, anayepiga risasi hewani, tena bila kumgusa mtu, aogope kufungwa kuliko mwizi? Sisi kwetu, usiku walipokuja, tulipiga simu ya namba tuliyopewa ya usalama, na aliyeipokea alituuliza kama tuna mafuta ya kutia katika gari. Tulikuwa tumelala chini ya kitanda na dada yangu mjamzito. Mtu aliyepitia hayo hawezi kuambiwa habari za vifungu.


Metre K., wakili

Ndugu yangu wa Kampemba, sitakuambia kwamba hukupaswa kuwa na hasira. Jibu mlilopewa ni aibu, na mtu aliyelala chini ya kitanda na dada yake mjamzito ana haki ya kudai serikali imlinde: Katiba ya 2006, katika kifungu cha 52, inawaahidi Wakongomani wote amani na usalama.

Lakini ulichokitaja ni adhabu, na adhabu ni ya mahakama, baada ya kesi. Kujihami si kuadhibu. Kunaanza hatari inapoanza na kunakwisha hatari inapokwisha. Ndiyo maana mwizi yule yule ambaye sekunde moja kabla alikuwa amekuwekea panga shingoni, ukimpiga mgongoni anapokimbia kuelekea getini, umetoka katika kujihami na umeingia katika kulipiza. Na hapo, kusema "nilitaka tu kumtisha asirudi" kunakuumiza zaidi, kwa sababu umekiri mwenyewe kwamba alikuwa anaondoka.

Kuhusu kupiga bila kumgusa mtu, nikupe mfano kutoka mbali, kutoka nchi ambayo watu wengi wanadhani kila mtu anaruhusiwa kupiga. Mwaka 2010, katika mji wa Jacksonville, jimbo la Florida, Marekani, mwanamke anayeitwa Marissa Alexander alipiga risasi moja ndani ya nyumba wakati wa ugomvi na mume wake, ambaye Marissa alisema alikuwa anamtishia. Risasi iliingia ukutani. Hakuna aliyejeruhiwa. Mume alikuwa pale pamoja na watoto wake wawili, na mwaka 2012 Marissa alihukumiwa miaka 20, kwa sheria ya jimbo hilo iliyomfunga hakimu mikono. Mahakama ya rufani iliifuta hukumu hiyo mwaka 2013 kwa sababu baraza la wazee wa mahakama lilielekezwa vibaya kuhusu nani anapaswa kuthibitisha kujihami. Mwaka 2014 alikubaliana na waendesha mashtaka, na mwezi wa Januari 2015 alitoka gerezani, akiwa amekaa miaka 3 na bado amefungiwa nyumbani kwa miaka mingine 2. Jimbo lilibadilisha sheria yake mwaka 2014, na kesi hiyo ilichangia. Sheria ya Florida si sheria yetu, na sikuileta ili tuifuate. Nimeileta kwa sababu inaonyesha kwamba maneno "sikumpiga mtu" hayakumsaidia mtu hata mahali ambapo silaha ni jambo la kawaida.

Kama jambo limekwisha kutokea, na wengine mtanisoma mkiwa katika hali hiyo, msiokote maganda, msifute damu, msifiche bunduki kwa shemeji. Pigeni simu kwanza nyinyi wenyewe, kabla ya jirani kuwapigia. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema kwamba aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na familia na wakili wake, na asizuiliwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiwa au kufikishwa kwa mamlaka ya sheria. Saa hizo 48 za kwanza ndizo zinazoharibu kesi nyingi, kwa sababu mtu amechoka, anaogopa, na anatia sahihi maelezo ambayo hakuyasoma.


Mama Mapendo, muuguzi

Nimesoma yote na nilitaka kunyamaza, lakini Mzee ametaja utosi wa mtoto.

Usiku mmoja wa mwaka mpya nilikuwa zamu katika hospitali moja ya mji huu. Karibu saa saba walimleta msichana wa miaka sita au saba. Mama yake alisema mtoto alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, anakula keki, kisha akalala upande ghafla, wakadhani ni usingizi. Hakukuwa na damu nyingi. Nilipomwosha nywele, ambazo zilikuwa zimesukwa siku ile ile kwa ajili ya sikukuu, kidole changu kiliingia mahali ambapo hakikupaswa kuingia. Keki ilikuwa bado mkononi mwake, ameishika. Tulilazimika kumfungua vidole.

Aliishi siku mbili. Baba yake alizunguka mitaa yote kuuliza nani alipiga risasi usiku ule, na kila mtu alimjibu kwamba risasi zilikuwa nyingi, za furaha.

Baba Furaha, mtu aliyepiga risasi ile hakujua, na mpaka leo hajui. Pengine ni mtu mzuri. Ninamwombea, lakini ninamkumbuka huyo mtoto kila mtu anapoongea habari za kupiga hewani tu. Hewa yetu inakaa juu ya watu. Msikilize mke wako.

Na ninaongeza neno kuhusu masufuria, kwa sababu umeandika kwamba hayakusaidia. Katika avenue yetu hayakusaidia pia, mpaka tulipopanga. Kabla, kila mtu alipiga kwa wakati wake na kisha akajifungia. Sasa kila nyumba ina filimbi, anayeona wezi anapuliza, na nyumba zote zinapiga pamoja bila kutoka nje, na hatuachi mpaka kuche kama ni lazima. Tulichanga, tukaweka taa za jua kwenye kona mbili zilizokuwa giza. Tukabadilisha milango ya nyuma, ambayo kwa wengi ilikuwa ya mbao nyepesi, tukaweka ya chuma yenye komeo mbili za ndani. Tuna namba za watu watatu wa kupigiwa, si mmoja, na mkubwa wa mtaa anazo. Kila nyumba ina chumba kimoja ambacho watoto wanajua kukimbilia, chenye mlango mzito. Wezi walikuja tena baada ya hapo, sitadanganya, lakini walikaa dakika chache na hawakufika vyumbani.


Mwana wa Kampemba

Mama, pole sana. Sina la kujibu juu ya mtoto huyo. Ningependa kujua hizo taa za jua mlizinunua wapi, na kila nyumba ilichanga kiasi gani, kwa maana kwetu watu wakisikia michango wanaondoka.


Mama Mapendo, muuguzi

Mwanangu, tulizinunua mjini, na tulianza na nyumba tisa tu zilizokubali. Zilizobaki ziliingia zilipoona mwanga. Usingoje wote wakubali.


Baba Furaha, Katuba

Ninawashukuru wote, na hasa Mama Mapendo, kwa sababu najua kuandika habari ile hakukuwa rahisi. Nilimsomea mke wangu maneno yenu jana usiku. Hakusema "nilikuambia", ingawa alikuwa na haki. Alisimama, akaenda kuangalia watoto, akarudi baada ya muda mrefu.

Nilimpigia mjomba pia. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba zamani, alipokuwa na nguvu, walipiga hewani kijijini na hakuna aliyekufa. Nilimjibu kwa heshima kwamba kijijini nyumba zilikuwa ishirini na pori lilikuwa pande zote, na hapa kwetu kutoka barazani ninaweza kuhesabu paa arobaini bila kugeuza kichwa. Alikubali kwamba hilo ni jambo jingine.

Metre, sasa swali langu limebadilika. Bunduki ya marehemu bado iko kabatini. Sitaki kuendelea kuishi nayo, lakini ninaogopa kwamba nikiipeleka polisi mwenyewe, nitabaki huko. Wengine wananishauri niiuze kimya kimya au niizike nyuma ya choo. Nifanye nini?


Metre K., wakili

Usiiuze na usiizike. Ukiiuza, siku itakapotumika katika wizi, njia itarudi mpaka kwako. Ukiizika, mvua au mtoto ataifukua. Na zaidi ya yote usitembee nayo barabarani, hata ndani ya gunia, hata ukiwa unaelekea polisi, kwa maana atakayekusimamisha njiani hataamini unakokwenda.

Tunaanza na karatasi. Leta kibali cha zamani cha baba yako, hata kama kimechakaa, leta cheti chake cha kifo, na hati yoyote inayoonyesha kwamba wewe ni mrithi. Tutaandika barua inayotangaza kwamba silaha imepatikana miongoni mwa vitu vya marehemu na kwamba unaomba kuikabidhi, tutaipeleka katika ofisi za mambo ya ndani za mkoa wa Haut-Katanga pamoja na polisi, na utabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ndipo watakapopanga jinsi ya kuichukua, mbele ya mashahidi, na kuandika namba yake katika hati ya makabidhiano. Tangazo la hiari lililoandikwa kabla ya tukio lolote lina uzito tofauti kabisa na bunduki iliyokutwa wakati wa msako.

Mpaka siku hiyo, tenganisha kartushi na bunduki, funga kila kimoja mahali pake kwa ufunguo, na usijaribu kuifungua ili kuona kama imetiwa risasi ikiwa hujui namna. Mzee wa Ruashi atakueleza.


Mzee Mstaafu, Ruashi

Nitakuja mwenyewe. Usiiguse. Jumapili baada ya ibada, nikute nyumbani, na watoto wawe kwa jirani.


Baba Furaha, Katuba

Karibu sana Mzee, tutakungoja. Metre, Jumatatu saa tatu nitakuwa ofisini kwako bila bunduki, na bahasha ya karatasi za baba. Kibali nimekipata leo ndani ya Biblia yake. Picha yake bado imebandikwa, na tarehe inasomeka.